Amelipa au amelipwa? Mapitio ya huduma ya tiba ya usomaji baada ya kiharusi, Mwanza

Mjomba wangu ana duka la zana za uvuvi Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Asubuhi moja ya mwezi Machi, wiki ya pili tangu atoke hospitali, aliandika kwenye daftari la wadeni kwa mwandiko wake ule ule ulioinamia kulia ninaoujua tangu utoto: "Injini ya 15, amelipa nusu, salio Ijumaa." Baada ya robo saa mteja alirudi kuulizia salio lake. Mjomba alifungua daftari, akaitazama mistari aliyoiandika mwenyewe, kisha akanisogezea na kusema kwa sauti ya chini, "Nisomee hapa, aliyeandika hapa ana mwandiko mbaya."

Nayaandika mapitio haya kwa ajili ya familia za Mwanza na visiwani zenye mgonjwa wa namna hiyo, hasa mgonjwa aliyekuwa akisoma lugha zaidi ya moja kabla ya kuugua. Huduma ninayoizungumzia ni tiba ya usomaji inayotolewa na kituo kidogo cha binafsi katika wilaya ya Ilemela, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Mjomba alihudhuria vipindi 24 vya dakika arobaini na tano kwa muda wa miezi mitatu, na mimi ndiye niliyempeleka karibu mara zote. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya ninayoyalalamikia tuliyafikisha kwa uongozi na mengine yamekwisha kurekebishwa, na sioni haki kuyabandika hadharani kwa jina.

Kwanza nieleze tulivyofika pale, kwa sababu tulipoteza wiki tano njiani. Mjomba alitoka hospitali akiongea vizuri, akitembea kwa miguu yake, akiwasalimia wazee wenzake "Mwangaluka" na kutaniana nao kama kawaida. Mtu wa namna hiyo akisema hawezi kusoma, watu wote hufikiria macho. Tulimpeleka kwenye duka la miwani akapimwa, akauziwa miwani, na baada ya siku kumi akauziwa nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa miwani hiyo ya pili aliweza kuona mbu aliyetua ukutani upande wa pili wa chumba, lakini ubao wa tangazo ulio mbele ya duka lake mwenyewe hakuweza kuusoma. Dalili ambayo tungepaswa kuitilia maanani ilikuwa nyingine kabisa, nayo ni kwamba alikuwa akigonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango, na mara mbili alitaka kuvuka barabara ya Makongoro akiwa hajaiona bodaboda inayotokea upande huo.

Daktari aliyeiangalia upya picha ya kichwa ndiye aliyetufungua macho. Damu ilikuwa imezibwa kwenye mshipa unaolisha sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, ambako picha za vitu vilivyo kulia kwetu hupokelewa, kwa hiyo nusu ya kulia ya uwanja wake wa kuona ilikuwa imepotea katika macho yote mawili, na hakuna miwani inayorudisha nusu hiyo. Upande wa kulia wa ubongo ulibaki mzima na herufi alikuwa akiziona, lakini nyuzi zinazovusha picha ya maandishi kutoka upande huo kwenda kwenye maeneo ya lugha, ambayo kwa watu wengi yako kushoto, nazo zilikuwa zimeumia. Ni kama kivuko kilichosimama: mizigo ipo ng'ambo, wapokeaji wapo huku, na kila upande ni mzima. Kuandika hakuhitaji kivuko hicho, ndiyo maana aliandika. Hali hii si ngeni katika tiba. Mwaka 1892 daktari wa Ufaransa, Jules Dejerine, alieleza habari za mgonjwa wake wa Paris aliyeweza kuandika barua lakini hakuweza kuisoma, huku tarakimu akizitambua na kufanya nazo hesabu. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona Mjomba wazi wazi, kwa sababu katika wiki zote zile za taabu hakukosea bei hata moja.

Sasa kituo chenyewe. Siku ya kwanza ilianza vibaya kwa namna ambayo ingechekesha kama isingetuuma. Binti wa mapokezi alimwamkia Mjomba shikamoo kwa adabu zote, akampa kalamu na fomu ya kurasa nne iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu kwa herufi ndogo, akamwambia, "Jaza hapa, Mzee wangu, kisha uketi." Kituo cha watu wasioweza kusoma kilikuwa kinaanza huduma kwa kuwapa watu hao kitu cha kusoma. Mjomba aliishika fomu ile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa watu wasiomhusu, akaniangalia, nikaichukua.

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha ni dada mmoja wa makamo, mtulivu, anayezungumza polepole bila kumfanya mgonjwa ajione mjinga. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya huduma hii. Alimpima kwa karatasi mbili zenye maneno arobaini kila moja, moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili, akampa sekunde kumi kwa kila neno. Kiingereza Mjomba alipata 31, Kiswahili 22. Mtaalamu alitueleza kwamba inaelekea usomaji wa Kiingereza umeumia kidogo kuliko wa Kiswahili, na kwamba ingefaa tiba iegemee kwenye Kiingereza, lugha iliyobaki na nguvu, ili nyingine ije kunufaika baadaye.

Mke wa Mjomba aliguna. Alisoma mpaka darasa la saba na hajifanyi mtaalamu wa jambo lolote, lakini aliomba azione zile karatasi, akazitazama kwa muda, akauliza kwa nini maneno ya Kiswahili ni marefu kiasi kile. Swali hilo lilikuwa sahihi kabisa. Karatasi ya Kiswahili ilikuwa tafsiri ya ile ya Kiingereza, neno kwa neno. Aliyeitunga ya Kiingereza alikuwa amechagua kwa makusudi maneno ya herufi tatu, nne au tano. "Bed" ilipofika kwenye Kiswahili ikawa kitanda, na kifungu chenye maana ya kutoambiwa jambo, ambacho Waingereza hukigawa katika maneno mafupi matano, kikawa neno moja la herufi 13: hawakutuambia. Mgonjwa wa aina ya Mjomba husoma herufi moja moja, kama mtu anayehesabu noti, na wakati huo kila herufi ilimgharimu kama sekunde moja na nusu. Kwa sekunde kumi basi angeweza kumaliza herufi sita au saba tu. Kilichopimwa siku ile ni urefu wa maneno yetu, na ubora wa Kiswahili chake haukupimwa kabisa.

Hapa nampa mtaalamu alama zake zote, kwa sababu hakujitetea. Alisema, "Mama, una haki," akaomba wiki moja, akatunga mwenyewe orodha mpya ambazo maneno yake yalilingana kwa idadi ya herufi katika lugha zote mbili, akayachagua yale yanayojulikana na mfanyabiashara wa ziwani. Matokeo yaligeuka: Kiswahili 33, Kiingereza 27, kwa hiyo tiba ikaegemea kwenye Kiswahili. Kilichopendeza zaidi ni aina ya makosa. Kwa Kiswahili alikuwa anachelewa, lakini akishafika mwisho hakosei, kwa sababu herufi zetu hazina hila: ukishazitamka kwa mpangilio, neno limetoka, na hata mkazo unajulikana uko wapi, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa Kiingereza aliunganisha sauti kwa kanuni zile zile za Kiswahili. "Island" aliisoma "islandi", akasita, akasema hakijui kitu hicho, naye amezaliwa Ukerewe. "Debt" aliitamka "debti", na "receipt" ikawa "rekeipti", neno ambalo amelichapisha kwenye vitabu vyake vya stakabadhi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hili ndilo ninalotaka kila familia ilielewe kabla haijalipa shilingi yoyote kwa huduma kama hii: kipimo cha lugha moja hakiwezi kusimama badala ya kipimo cha lugha nyingine, na lugha zenyewe hazifichi maradhi kwa namna moja. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Uingereza, Marshall na Newcombe, waligawanya matatizo ya kusoma yanayotokana na kuumia ubongo kwa kuangalia aina za makosa, na mgawanyo wao ungali unatumika. Yuko mgonjwa ambaye hawezi tena kulitambua neno zima kwa sura yake, bali hutegemea kutamka herufi tu. Mgonjwa huyo ukimpima kwa Kiingereza, ambacho tahajia yake imejaa mitego, ataanguka mara moja. Ukimpima kwa Kiswahili anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi, na wewe ukaandika kwamba amepona, wakati pengine maana ya anachokisoma haimfikii kwa njia ya maandishi. Yuko mwingine aliye kinyume chake, ambaye njia ya kutamka herufi imekatika na amebaki na ile ya kushika maana. Huyo akioneshwa neno "ziwa" anaweza kusema "maji" bila kujua amekosea, na neno asilolijua hawezi kulitamka kabisa hata liwe rahisi namna gani. Mtu wa Mwanza aliyesoma shule kwa Kiswahili, akaingia sekondari kwa Kiingereza na kuimba kanisani kwa Kisukuma ana milango mitatu, na mtaalamu aliyeugonga mmoja tu hajajua nyumba ina watu wangapi.

Tiba yenyewe haikuwa na vifaa vya ajabu. Kulikuwa na meza, taa nzuri, karatasi, kalamu nyekundu na kiganja cha Mjomba. Zoezi la kwanza lilikuwa kuchora herufi kwa kidole kwenye kiganja au juu ya meza huku akiitazama, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado unazijua herufi ambazo macho yake yalizisahau. Ilikuwa ajabu kumwona akiikodolea macho herufi "g" bila jibu, kisha kidole kikaanza kujikunja chenyewe mezani, na kabla hakijamaliza mkia akasema "ge". Zoezi la pili lilikuwa mstari mwekundu uliochorwa ukingoni mwa kulia mwa ukurasa, pamoja na sharti kwamba asiteremke kwenye mstari unaofuata wa maandishi mpaka macho yake yaione rangi nyekundu, ili ajizoeze kuyapeleka macho kwenye upande asiouona. Zoezi la tatu lilikuwa kukisoma kifungu kile kile kwa sauti mara nyingi, nyumbani na kliniki, siku baada ya siku, mpaka kasi ipande, ndipo apewe kifungu kipya.

Huo mstari mwekundu ndio uliotufundisha jambo kuhusu lugha yetu ambalo sijawahi kulifikiria katika maisha yangu yote ya kuandika hesabu. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mizigo kichwani na mkiani. Kichwani ndiko aliko mtenda, ndiko uliko wakati, na ndiko kunakokataliwa; mkiani ndiko kunakoamuliwa nani amefanya na nani amefanyiwa. Mjomba, asiyeona upande wa kulia, alikuwa akikisia mkia kabla hajaufikia. Siku moja mtaalamu alimwekea mezani nakala za kurasa za daftari lake. Mstari mmoja ulisomeka "Mama wa nyavu amelipwa 180,000." Mjomba akaanza: a, me, li, pa, amelipa. Akatabasamu, kwa sababu fedha inaingia. Mtaalamu hakusema neno, aliugusa tu mstari mwekundu kwa kalamu. Mjomba akarudi, kidole kikachora mezani, kikafika kwenye "w", kikasimama. "Ah," akasema, "kumbe ni mimi niliyetoa." Kama angekuwa dukani peke yake angehesabu kuwa imeingia fedha aliyoitoa mwenyewe.

Kwenye benchi la nje tulikuwa tukikutana na mgonjwa mwingine aliyeugua upande wa pili wa ubongo, kulia, ambaye tatizo lake lilikuwa kuupuuza upande wa kushoto wa kila kitu, hata chakula kilichoko kushoto mwa sahani. Yeye mkia wa neno aliusoma bila shida na kichwa alikibuni. Kadi iliandikwa "hajafika", akasoma "amefika", tena kwa uhakika mkubwa. Mimi na Mjomba tulicheka sana siku hiyo, na mgonjwa mwenyewe alicheka kuliko sisi, lakini mtu aishiye kisiwani anayesubiri ujumbe kuhusu kivuko cha jioni hawezi kuichukulia tofauti hiyo kama mzaha.

Kasoro za huduma ni kadhaa. Kubwa kuliko zote ni matini. Kwa mwezi wa kwanza vifungu vya kusomea vilikuwa tafsiri za maandishi ya ugenini, na kimojawapo kilihusu bwana mmoja mstaafu anayepukuta theluji kwenye njia ya nyumba yake. Mtu anayesoma herufi moja moja anahitaji kulisaidia jicho kwa kukisia neno linalokuja, na hawezi kukisia neno la dunia asiyoijua. Tulipoleta risiti, ankara na kalenda ya chama cha wavuvi, mambo yalibadilika ndani ya wiki mbili. Mtaalamu alikubali hilo tangu tulipolisema, lakini kituo hakikuwa na utaratibu wowote wa kutuomba tulete vitu hivyo; tulivileta kwa ubishi wetu.

Kasoro ya pili ni chati ya watoto. Siku ya tatu msaidizi wa mtaalamu, kijana mwenye nia njema, alibandika ukutani ile chati ya "ba be bi bo bu" yenye picha ya bata na kumtaka Mjomba asome kwa kuimba. Kisayansi hakukosea sana, kwani kuzikusanya herufi kwa silabi kunamfaa msomaji wa Kiswahili kuliko kuzitaja moja moja, na baadaye Mjomba alifanya hivyo hivyo kwa manufaa makubwa. Lakini alisimama, akavaa kofia, akasema, "Kijana wangu, darasa la saba nilimaliza mwaka 1979." Kipindi hicho kiliishia hapo, na tulikilipia. Waliporudia zoezi hilo kwa silabi zilizokatwa kutoka kwenye majina ya bidhaa zake, nya-vu, ma-bo-ya, ka-mba, hakulalamika.

Ngazi ni kasoro ya tatu, na sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba kituo cha watu waliopata kiharusi hakikupaswa kuwa ghorofa ya pili bila lifti.

Kisukuma hakikupimwa. Mtaalamu hakijui, na alisema hivyo waziwazi, jambo ninaloliheshimu. Nyumbani lakini lilizuka bishano, kwa kuwa shangazi zangu walishikilia kwamba lugha ya mama ndiyo hurudi kwanza, basi afundishwe kusoma kwa Kisukuma. Wazo hilo ni la zamani hata katika vitabu vya tiba. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Ribot alidai kwamba kumbukumbu za mwanzo ndizo zinazodumu, na mwaka 1895 Mfaransa mwenzake, Pitres, akajibu kwamba kinachorudi kwanza ni lugha ambayo mgonjwa aliizoea zaidi kabla ya kuugua. Tangu hapo wameonekana wagonjwa wa kila namna, na walio wengi lugha zao hurudi sambamba. Shangazi walileta ushahidi wao, yaani kitabu cha nyimbo cha Kisukuma. Mjomba alikifungua akasoma wimbo mzima, beti zote, bila kusita, na nyumba ikajaa vigelegele. Mama yangu, asiyeshangilia upesi, alisubiri vitulie, akafunua ukurasa mwingine bila kutaja namba na kumwomba asome tena. Mjomba akaanza kwa sauti ile ile, kwa maneno ya wimbo ule ule wa kwanza. Alikuwa anaimba, hasomi. Naieleza habari hii bila kumcheka mtu, kwa sababu familia nyingi zitadanganyika hivyo hivyo na sala au aya iliyokaririwa, na ni vyema mgonjwa apimwe kwa maandishi ambayo hajapata kuyaona.

Simu ilisaidia kwa kiasi. Mtaalamu alituonyesha jinsi ya kuiwezesha simu ya Mjomba isome ujumbe kwa sauti, na huduma hiyo haina gharama ya ziada. Ujumbe ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu unasomwa vizuri. Ule wa Kiingereza, sauti ya Kiswahili ikiusoma, unatoka kama Mjomba na "islandi" yake. Matatizo makubwa yako kwenye ujumbe wa vijana wanaomletea mizigo, ambao huandika "2mefika" na "cjaona". Sauti ya simu ilitamka "mbili mefika", Mjomba akauliza hao wawili ni akina nani. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, ambaye tarakimu hazikumpotea, aliitambua ile 2 mara moja kwa jicho kabla ya herufi zote zilizoifuata, na baada ya wiki chache akawa anasoma "2mefika" haraka kuliko "tumefika". Mtaalamu alicheka na kuliandika hilo kwenye faili.

Gharama ilikuwa shilingi 30,000 kwa kipindi, tukalipa kutoka mfukoni, jumla shilingi 720,000 bila nauli. Kwa familia inayotoka Sengerema au Ukerewe nauli na mahali pa kulala vitazidi ada yenyewe, na kituo hakina mpango wa kuwapangia wagonjwa hao vipindi vya siku mbili mfululizo, ingawa nimeona mtaalamu akimfanyia hivyo mgonjwa mmoja kwa hiari yake. Miadi inaheshimiwa, na umeme ukikatika wana jenereta.

Matokeo ni haya. Kifungu cha maneno sitini ya Kiswahili kilichomchukua dakika tisa mwezi Aprili kinamchukua dakika tatu na nusu sasa. Daftari la wadeni analisoma mwenyewe, polepole, kidole kikiwa mezani, na wateja wamezoea kusubiri. Gazeti halisomi. Hulinunua bado, hulikunja na kuliweka chini ya kaunta mpaka nifike jioni. Kiingereza kimeinuka kidogo tu bila kufanyiwa mazoezi, na maneno yenye tahajia ya mitego yamebaki pale pale, kwa hiyo hatukuona ule ufanisi wa lugha moja ukiivuta nyingine kama tulivyoahidiwa siku ya kwanza. Upande wa kulia haujarudi, na amekubali kutoendesha pikipiki. Kwa nyota tano ningekipa kituo tatu na nusu, na mtaalamu peke yake ningempa tano. Tumelipia vipindi sita vingine vya Kiingereza pekee, na safari hii tutabeba ankara za wauzaji wa injini, kwa kuwa hayo ndiyo maandishi ya Kiingereza anayoyahitaji katika maisha yake.

Tulipokwenda kuandikisha vipindi hivyo tulikuta fomu ya mapokezi imebadilishwa. Sasa ni ukurasa mmoja, ni ya Kiswahili na herufi zake ni kubwa. Mjomba alikataa nimsomee. Aliketi kwenye benchi akaisoma kwa muda wa dakika sita, silabi kwa silabi, mpaka mstari wa mwisho, akanyanyuka na kumrudishia binti wa mapokezi huku kidole kikiwa juu ya kichwa cha fomu, palipoandikwa kwa wino mzito "Taarifa za mgojwa". "Binti yangu," alisema, "hapa mmesahau n." Binti aliitazama fomu, akaitazama tena, akachungulia rundo la fomu mia mbili zilizochapishwa kando ya kompyuta.